Uzi wa picha za ndege wanaolisha makinda: acheni viota, subirini kinda atoke

Chozi_wa_Mbezi (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Masika ikishika tu magrupu yanajaa picha za viota, mtu kaweka ngazi kwenye mwembe kabisa, kasukuma simu hadi ndani anapiga makinda hawana hata manyoya, macho hayajafunguka, chini anaandika "maajabu ya Mungu". Sawa, maajabu ni maajabu. Ila nina hoja moja nimeibeba kitambo naomba niitue hapa: picha ya mzazi na mtoto mnayoitafuta haipo kwenye kiota. Ipo siku chache mbele, kinda akishatoka, amekaa kwenye tawi hajui pa kwenda, anapiga kelele mtaa mzima na wazazi wanahangaika naye.

Fikiria mwenyewe kiotoni unapata nini. Giza, majani, mgongo wa mama, midomo mitatu inachungulia. Kiota kimejengwa kisionekane, sasa we unalazimisha kionekane. Kinda akiwa nje anamgeukia mzazi uso kwa uso, anatetemesha mabawa, mdomo wazi hadi unaona koo jekundu, mzazi anainama anamtumbukizia kiwavi, wote wawili wako ubavu kwako. Hiyo ndo picha. Na ukikaa mbali vizuri hujamharibia mtu maisha.

Wa kuanzia nashauri shore, yule wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia anayekaa kila uwanja kuanzia Dar mpaka Arusha mpaka Nairobi. Makinda wake wanatoka kiotoni baada ya wiki mbili hivi, mara nyingi hata kuruka hawajaweza vizuri, wanadondokea kwenye kichaka cha jirani wanatulia humo. Kumjua kinda: mkia mfupi kama umekatwa na mkasi, manyoya yamevurugika, na pembeni mwa mdomo kuna ule ukingo laini wa njano. Ukiona hiyo njano, basi una kazi ya asubuhi nzima.

Sasa unajuaje kama wametoka? Angalia mzazi amebeba nini. Akiingia na mdudu halafu akatoka na kitu cheupe mdomoni anakwenda kukitupa mbali, kile ni kinyesi cha makinda kimefungwa kwenye utando wake, maana yake bado wako ndani, ondoka urudi baadaye. Akiwa anapeleka chakula leo kichaka hiki, kidogo kule, mara kwenye ua wa jirani, basi wametoka wametawanyika. Kwa aina nyingi wazazi hata wanagawana, baba ana wake mama ana wake, kwa hiyo usimfuate mzazi utachoka bure. Tafuta kinda mmoja kwa sikio, kaa chini, subiri. Mzazi atakuja mwenyewe, na mara nyingi anapita njia ileile na kutua tawi lilelile kabla ya kushuka kwa mtoto.

Na hii ndo muhimu kuliko yote niliyoandika. Mzazi akifika na chakula mdomoni halafu haendi kwa mtoto, anarukaruka matawini, anapiga kelele za ukali, anakuangalia, basi tatizo ni wewe. Sio kwamba anakupozia. Rudi nyuma hatua kadhaa, ukiona bado hajashuka rudi tena. Kuna watu wanamkuta hivyo ndo wanapiga picha mia "ndege na kiwavi", kumbe kuna mtoto pale chini njaa inamuuma kwa sababu ya hiyo picha.

Ntaweka mambo ya kamera kwenye komenti zinazofuata, karibuni.

siti_ya_mbele

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Dada_Tetere

Uzi mzuri sana kaka. Swali, mi nimeambiwa tangu utoto ukimshika kinda mama yake anasikia harufu ya binadamu anamkataa. Ni kweli? Maana nyumbani kwetu wakidondoka watoto wanawaokota wanaweka kwenye boksi na pamba.

Chozi_wa_Mbezi

@Dada_Tetere sio kweli dada yangu. Ndege wengi wa bustanini pua sio silaha yao, na mzazi aliyemlisha mtoto kwa wiki mbili hamtupi kwa sababu ya mkono wako. Kinachomkimbiza ni wewe kukaa pale unazunguka. Kinda mwenye manyoya akiwa chini hajatupwa, yuko darasani. Kama kuna paka au yuko katikati ya njia mnyanyue mpandishe kwenye kichaka cha karibu, ondoka, baada ya muda utawaona wamekuja. Boksi na pamba na maziwa na ugali ndo vinavyowaua.

Kunguru_Hapana 

Umesahau adui namba moja kwa sisi wa mjini. Kunguru hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wale takataka, sasa hivi pwani yote ni yao. Wana akili mbaya. Ukisimama unakodolea kichaka na lenzi yako ndefu, kunguru juu ya nguzo naye anakodolea unachokodolea. Ukitoka anashuka. Kwa hiyo mtu wa Dar au Mombasa anayekwenda kiotoni kila siku ni kama anamchorea ramani. Kule Kenya mwaka 2024 KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) walitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja, ndo mjue ukubwa wa tatizo.

Mzee_wa_Ngazi

Jamani msitukaange. Mimi napiga viota kitambo na sijaona ndege amekufa mbele yangu. Nakata majani machache tu yanayoziba, nikimaliza naondoka zangu. Picha zinapendwa kuliko hizo zenu za tawi. Watu wanataka kuona vitoto.

Chozi_wa_Mbezi

Mzee wangu shikamoo kwanza. Hujaona amekufa mbele yako kwa sababu ulishaondoka. Yale majani machache ndo yalikuwa dari ya wale watoto, jua letu la saa sita mchana likimpiga kinda asiye na manyoya haichukui muda. Na mwewe akipita juu sasa anaona mpaka chini. Halafu hata kwa upande wa picha yenyewe, siku hizi kuna mashindano ya picha za wanyamapori yasiyotaka picha za kiotoni, wakiona majani yamekatwa kisu wanakutoa hapohapo.

Mzee_wa_Ngazi

Marahaba. Mimi sishindani na mtu, mimi nafurahisha wajukuu.

Dada_Tetere

😂😂 sasa babu wajukuu si uwakalishe tu kibarazani wawaone shore wakipita na watoto wao

boti_ya_Naivasha

Salamu kutoka Kenya wasee. Mimi naongoza watalii kwa boti, ngoja niwape yangu. Mnaongea kulisha kulisha tu, lakini sio kila mzazi analisha. Kuna jakana, yule ndege wa kahawia mwenye vidole virefu sana anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama barabara yake. Kwa hao mama ni bosi, ni mkubwa kwa umbo, ana mabwana kadhaa, anatagia huyu mayai manne hivi anaenda kwa mwingine. Baba ndo analalia, baba ndo analea. Vifaranga wakitotolewa wanatembea na kujilishia wenyewe tangu mwanzo, kazi ya baba ni kuwachunga. Sasa hatari ikija au baridi ikiwapiga anachutama, wanaingia chini ya mabawa, anainuka nao anaondoka! Unaona tu vidole vinaning'inia. Akiwabeba wote wanne unahesabu miguu kumi kwa ndege mmoja, mgeni anadhani ameona jini.

Ushauri wangu kwa boti: mwambie nahodha azime injini mapema, boti ijisukume yenyewe. Tripodi achana nayo, boti inatikisika inakutikisia kila kitu, shika mkononi au weka kiwiko kwenye goti, na ukae chini kabisa kwenye boti lenzi iwe karibu na usawa wa maji. Ukipiga kwa juu kifaranga anakuwa doa tu kwenye jani. Na baba akianza kujiangusha anaburuza bawa kama limevunjika, hajaumia, anakuvuta umfuate uache watoto. Hapo mwambie nahodha mrudi nyuma, usiendelee kupiga hiyo drama.

siti_ya_mbele

Ndege wa kike ana mabwana kadhaa na wanalea wao. Wanaume wa humu mmesoma? 😂

Fundi_Lenzi

Wacheni utani tuingie kwenye mitambo maana mleta uzi ameahidi akakimbia. Kumlisha kinda ni tukio la sekunde moja, wakati mwingine nusu. Watu wanaweka shata (kasi ya kupiga picha) 1/250 ya sekunde kwa sababu ndege ametulia tawini, halafu mzazi anafika, kinda anaanza kutetemesha mabawa, picha inakuwa ukungu. Anzia 1/1600, kama mwanga upo nenda 1/2000, acha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande. Chenga za ISO 3200 unazisafisha kwenye kompyuta, ukungu husafishi. Ukishapata zako kadhaa za uhakika ndo ushuke 1/200 kwa makusudi, vichwa vinatulia mabawa yanakuwa moshi, nayo ni picha.

La pili wengi hawalijui. Hawa ni ndege wawili sio mmoja. Ukifungua tundu la lenzi sana, f/4 au f/5.6, na umekaribia, jicho la kinda litakuwa kali la mama limelainika, au kinyume chake. Funga mpaka f/8, halafu hama wewe mwenyewe, simama mahali ambapo tawi limekaa sambamba na kamera yako, wote wako umbali mmoja. Kuhama hatua mbili kunasaidia kuliko lenzi mpya.

Fokasi weka kwa kinda. Usimfukuzie mzazi anayeruka. Zile kamera mpya zinazotafuta jicho lenyewe huwa zinachanganyikiwa mzazi akiingia, zinaruka huku na kule, kwa hiyo funga kiboksi kidogo juu ya kinda na uiache hapo, maana yeye haendi popote. Na kama kamera yako ina ile ya kuhifadhi picha za nyuma kabla hujabonyeza mpaka mwisho, hii ndo kazi iliyotengenezewa, unasubiri, mzazi akitua unabonyeza, na ile sekunde iliyopita tayari unayo.

Chozi_wa_Mbezi

Sijakimbia mkuu nilikuwa kazini 😅 Umemaliza kila kitu. Niongeze la mwanga tu. Huku kwetu jua linapanda wima haraka, saa moja mpaka saa tatu asubuhi ndo muda wako, baada ya hapo kivuli cha majani kinampiga ndege usoni anakuwa na mabaka. Lakini siku ya mawingu usikae ndani! Mawingu ya masika yanakupa mwanga laini mchana kutwa, na wadudu ni wengi, mzazi anakuja kila baada ya muda mfupi. Watu wanangoja jua kumbe siku nzuri imepita. Flashi usilete kwa makinda.

Na mkitaka ya chozi wenyewe: huyu mnamjua kwa kunyonya maua, lakini watoto wake anawalisha buibui na vidudu vidogo. Hata mnana anayekula mbegu, watoto anawapa wadudu. Kwa hiyo usikae kwenye ua lenye nekta ukisubiri makinda, kaa kwenye kichaka chenye buibui wengi. Majirani watakuona umechanganyikiwa, zoea.

mwanafunzi_wa_Mlimani

Mimi sina hela ya lenzi wakuu, nina simu tu. Hapa chuo ndege ni wengi balaa, naweza kupata kitu?

Fundi_Lenzi

Unapata. Darubini ya kawaida, weka simu kwenye jicho moja la darubini, egemeza kwenye mti. Itakuwa na giza pembeni, utakata. Na simu piga video, usipige picha, kwa sababu tukio ni fupi, video utachomoa fremu baadaye. Ukipata vijisenti tafuta mtumba wa zile kamera za zumu ndefu zisizobadilishwa lenzi, Nikon P950 zumu yake inakwenda mara 83, fokasi yake ni nzito na jioni inakufa, lakini kwa kinda aliyekaa tawini asubuhi inatosha kabisa. Ama lenzi ya 70-300 na bodi ya zamani. Usikope kwa ajili ya ndege.

Dada_Tetere

Na beseni la maji! Weka beseni pana lisilo na kina, kifusi cha mawe katikati, kivulini, pembeni kuwe na kichaka kisichoweza kumficha paka ila ndege wapate pa kukimbilia. Wazazi wanaleta watoto wenyewe kuoga. Mi dirishani kwangu napiga na simu nikiwa na chai.

mlinda_lango_Serengeti

Nimesoma wote nimefurahi. Wageni wangu huwa wanakimbilia simba, ila pale Naabi Hill, lango la kuingilia hifadhi, watu wanapokula lanchi, kwezi wako miguuni kwao na hawawaoni. Kwezi wale wa tumbo la chungwa na mgongo wa bluu unaong'aa. Angalia macho: mkubwa ana jicho jeupe jeupe, kinda jicho lake bado jeusi na rangi zake hazijang'aa. Sasa utaona kinda mmoja analishwa na huyu, halafu mwingine, halafu wa tatu. Sio kwamba umechanganya ndege, hawa wanalea kiukoo. Kule kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Kenya, watafiti wamewafuatilia kwa takriban miaka 20 na wameona wasaidizi sio ndugu wa damu tu, wengine hawana undugu kabisa na wanasaidiana kwa zamu za miaka, huyu anasaidia leo, kesho anasaidiwa. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi, maana foleni ya walezi inakuja kwa kinda mmoja, huhami.

Ila naomba, msiwarushie chipsi ili wasogee. Picha ya kwezi anamlisha mtoto chipsi nimeziona za kutosha.

boti_ya_Naivasha

Hiyo ya chipsi imenigusa, kwetu ni samaki. Boti nyingi zinampigia furukombe, yule tai anayekula samaki, mluzi zinamrushia samaki, anashuka, mgeni anapata picha yake ya makucha majini. Mimi sipingi sana, ndo biashara. Lakini ukitaka furukombe na mtoto wake ni kitu kingine kabisa. Kinda wa furukombe ni wa madoa ya kahawia, hana kile kichwa cheupe cha wazazi, na anakaa kiotoni miezi miwili na zaidi kabla ya kuruka. Akiruka bado anawalilia wazazi muda mrefu, unamsikia kabla hujamuona. Ukiwa na samaki wa boti, mzazi anakuja kwa boti na sio kwa mtoto. Unanunua picha moja unapoteza ile uliyoijia.

Kunguru_Hapana

Na flamingo wa ziwa Natron je? Nataka nipange safari ya kupiga wakilisha vifaranga.

mlinda_lango_Serengeti

Kaka hapo kaa mbali. Natron ndo kwenye mazalia makubwa ya heroe wadogo (hao flamingo) duniani, na pale wanyama wala nyama hawafiki kirahisi. Viota viko katikati, ni tope na magadi, mtu anazama na magadi yanachoma ngozi. Na wakishtuka wanaweza kuacha viota kwa makundi. Droni usiwaze. Utawaona wakubwa kando ya ziwa, utawapiga, utarudi nyumbani. Ya kulisha, ambayo kwa kweli ni ajabu maana wazazi wote wawili wanamnywesha kifaranga maziwa mekundu yanayotengenezwa kooni, iache.

mwanafunzi_wa_Mlimani

Wakuu nimetoka asubuhi ya leo kufanyia kazi uzi. Nimeona mnana jike analisha kinda mkubwa kuliko vile nilivyotarajia, mdomo wake mwekundu, mwili una mistari chini, hafanani na mama hata kidogo. Ni mnana gani huyu?

Chozi_wa_Mbezi

Hahaha huyo sio mnana dogo. Huyo ni kekeo, yule mdogo wa kijani anayelia "dii dii diidiriki" masika yote. Mama yake alitagia kwenye kiota cha mnana akaenda zake. Kinda wa kekeo akitotolewa anawaondoa wenzake, anabaki peke yake analishwa na mama asiye wake. Mdomo mwekundu ndo alama yake akiwa mdogo. Umeanza na bahati, kuna watu wanapiga miaka hawajaipata hiyo. Kama umechukua video usiifute, chomoa fremu ambayo mama ameingiza kichwa mdomoni.

Mzee_wa_Ngazi

Hapo sasa mmenivuta. Huyo kekeo anakaa tawini muda gani?

Chozi_wa_Mbezi

Mzee wangu, kinda wa kekeo haachi kulia akiwa na njaa, kwa hiyo ukimsikia unaye. Wiki kadhaa bado anamfuata mama mlezi. Kaa chini ya mti wa jirani, sio mti wake. Na ngazi iache nyumbani.

Mzee_wa_Ngazi

Ngazi ilishavunjika. Kesho saa moja nitakuwa Mlimani, dogo nielekeze mti gani.

mwanafunzi_wa_Mlimani

Shikamoo mzee. Mti wenyewe sitauandika hapa hadharani, nakuja inbox. Njoo na darubini, simu ninayo.